Msamaha wa Kodi kwa Wanaotoa Ajira: Fedha za Wote, Kazi kwa Nani?

Kila mwaka mwezi wa Juni, Serikali inapowasilisha bajeti yake Bungeni jijini Dodoma, waamini wengi hutega sikio kusikia habari za bei ya mafuta, sukari na saruji. Maneno mengine huachwa yapite: msamaha wa kodi, unafuu wa kodi, vivutio kwa wawekezaji. Karibu kila mara maneno hayo huambatana na ahadi moja, yaani ajira kwa vijana. Ahadi hiyo inagusa moyo wa kila mzazi, kwani ni vigumu kuipata jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo isiyo na kijana aliyehitimu masomo, mwenye vyeti vyake kabatini, ambaye bado anaishi kwa jasho la wazazi wake. Lakini ahadi hiyo ina gharama, na gharama hiyo hulipwa na watu wote, akiwamo mama anayelipa kodi kila anaponunua sabuni ya kufulia.

Makala hii inaeleza jinsi misamaha hiyo inavyofanya kazi, mahali ilipozaa matunda na mahali ilipokauka kabla ya kuzaa. Kanisa halina utume wa kupanga viwango vya kodi. Hiyo ni kazi ya wataalamu na ya wawakilishi waliochaguliwa na wananchi. Lakini Mama Kanisa, kwa njia ya Mafundisho Jamii yake, anao wajibu wa kutoa kipimo cha kimaadili ambacho kwacho mwamini anaweza kupima jambo lolote linalohusu utu wa mfanyakazi, ustawi na mafao ya wengi. Suala hili linahitaji kipimo hicho.

Msamaha wa kodi ni nini hasa?

Serikali inaposamehe kodi haimpi mtu fedha mkononi. Inaacha kupokea fedha ambazo kwa sheria ya kawaida zingekuwa zake. Tuchukue mfano wa kampuni iliyopata faida ya shilingi milioni 100. Kwa kuwa kiwango cha kawaida cha kodi ya mapato ya kampuni nchini Tanzania ni asilimia 30, kampuni hiyo ingelipa shilingi milioni 30. Ikisamehewa, milioni 30 hizo hubaki mikononi mwake. Kwa upande wa hesabu, ni sawa na Serikali kuzikusanya asubuhi na kuirudishia kampuni hiyo hiyo jioni.

Tofauti iko katika uwazi. Fedha za kununulia dawa za zahanati zina kifungu katika bajeti. Wabunge hukijadili, na kila mwaka hupigiwa kura upya. Fedha ambazo hazikukusanywa hazina kifungu cha namna hiyo. Anayetaka kuzijua hana budi kuzitafuta katika taarifa za mamlaka ya kodi na za wakaguzi wa hesabu. Ndiyo maana msamaha unaweza kuishi miaka mingi bila mtu kuuliza umezaa nini.

Misamaha yenyewe ni ya aina kuu tatu. Ya kwanza hufuata faida: kampuni hailipi kodi ya mapato kwa miaka kadhaa. Ya pili hufuata mtaji: mwekezaji hasamehewi kodi ya faida, bali ushuru wa mitambo anayoingiza nchini. Ya tatu humfuata mfanyakazi: mwajiri hupata unafuu kwa kila mtu mpya anayemwajiri.

Zote tatu hutangazwa kwa jina la ajira, lakini hazielekei upande mmoja. Msamaha unaofuata faida humtunuku aliyekwisha kupata faida, awe ameajiri watu kumi au elfu moja; mjasiriamali ambaye bado hajaanza kupata faida haambulii chochote. Msamaha unaofuata mitambo unaweza hata kuifanya mashine iwe rahisi kuliko mtu, hivyo kupunguza mikono inayohitajika. Msamaha wa aina ya tatu pekee ndio unaoanza na mwanadamu aliyeajiriwa. Huo nao, kama tutakavyoona, una mitego yake.

Mwanga wa Mafundisho Jamii ya Kanisa

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2240, inaweka ulipaji wa kodi miongoni mwa wajibu wa kimaadili wa raia. Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Katiba ya Kichungaji Gaudium et spes ya mwaka 1965, waliwakemea wale wanaokwepa kodi za haki kwa hila na udanganyifu. Hapo ndipo mwamini anapoanzia: kodi ni mchango wa kila mmoja kwa mafao ya wote. Kumbe msamaha ni jambo la pekee, na anayeuomba ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba unastahili.

Hata hivyo Kanisa halijawahi kufundisha kwamba kodi kubwa ni njema kwa sababu tu ni kubwa. Papa Leo XIII, katika Waraka wake Rerum novarum wa mwaka 1891, alionya kwamba dola haina haki ya kukausha mali za watu kwa kodi zilizopita kiasi. Ni waraka huo huo uliotetea ujira wa haki kwa mfanyakazi. Baba Mtakatifu Leo XIV alipochaguliwa mwezi Mei 2025 alieleza kwamba jina lake linamkumbuka Papa huyo na mafundisho yake kuhusu kazi katika ulimwengu unaobadilika.

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Waraka Laborem exercens wa tarehe 14 Septemba 1981, alitupatia dhana yenye manufaa makubwa katika mada hii. Alitofautisha mwajiri wa moja kwa moja, yaani yule anayetia saini mkataba na kulipa mshahara, na mwajiri asiye wa moja kwa moja. Huyu wa pili ni jumla ya watu, taasisi na sera zinazoamua mazingira ya kazi, na dola ina nafasi ya kwanza kati yao. Kwa mafundisho hayo, Serikali haiwezi kukaa kando na kusema kwamba ajira ni jambo la soko. Sheria zake za kodi tayari zimekwisha kumsaidia kijana kupata kazi au kumzuia.

Tuongeze kanuni ya auni, iliyofafanuliwa na Papa Pio XI katika Waraka Quadragesimo anno wa mwaka 1931. Chombo kikubwa kisinyang'anye kazi ambayo chombo kidogo kinaweza kuifanya, bali kikisaidie kuifanya. Kwa mtazamo huo, kumpunguzia seremala mzigo ili aweze kumchukua kijana wa pili karakanani kwake ni njia halali na njema, pengine njema kuliko Serikali kujaribu kumwajiri kila mtu yenyewe. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 20, mwenye shamba la mizabibu hutoka tena na tena kwenda sokoni, hadi saa ya kumi na moja, kuwatafuta waliokaa bila kazi kwa sababu hakuna aliyewaajiri. Yesu hawaiti wavivu. Anamsifu aliyetoka kuwatafuta.

Mfanyakazi wa kumi

Tuanze nyumbani, na tuanze na kodi kabla ya kufika kwenye msamaha. Tanzania ina Tozo ya Kuendeleza Ufundi Stadi, ambayo wengi huiita SDL. Hulipwa na mwajiri juu ya jumla ya mishahara yote anayolipa, na lengo lake ni jema: kugharimia mafunzo ya wananchi. Lakini kwa asili yake ni kodi inayoongezeka kila mwajiri anapoongeza watu au mishahara. Serikali imeitambua hali hiyo na kuipunguza. Tangu Julai 2021 tozo hiyo inamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi, badala ya 4 kama ilivyokuwa awali; na mwezi Julai 2023 kiwango chake kilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5.

Unafuu huo haukupigiwa tarumbeta, lakini kwa mwajiri mdogo una uzito. Mwenye kiwanda cha kusindika alizeti chenye wafanyakazi watano alitoka kabisa katika orodha ya walipaji wa tozo hiyo.

Hata hivyo angalieni kinachotokea mpakani. Chukueni mwajiri mwenye wafanyakazi 9, kila mmoja akilipwa shilingi 300,000 kwa mwezi. Halipi tozo hiyo. Akimwajiri wa kumi kwa mshahara ule ule, jumla ya mishahara inakuwa shilingi 3,000,000, na tozo, kwa kiwango cha asilimia 3.5 kilichowekwa mwaka 2023, inakuwa shilingi 105,000 kila mwezi, kwa sababu sasa inahesabiwa juu ya wote kumi. Kwa hesabu hiyo, mfanyakazi wa kumi anamgharimu mwajiri shilingi 405,000, hata kabla ya kuhesabu mchango wake wa hifadhi ya jamii. Kijana anayebisha hodi mlangoni hajui kwamba namba yake katika foleni imempandishia bei. Mwajiri anajua, na baadhi hubaki na watu tisa, au humchukua wa kumi bila kumwandika.

Somo la mfano huu ni kwamba umbo la unafuu lina uzito sawa na kiasi chake. Unafuu unaokatika ghafla huweka ukuta mahali ambapo palipaswa kuwa na ngazi.

Maeneo maalumu ya viwanda

Msamaha unaojulikana zaidi katika Afrika Mashariki ni ule wa maeneo ya uzalishaji wa bidhaa za kuuza nje, yaani EPZ. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 1990, na eneo la Athi River karibu na Nairobi likawa mashuhuri kwa viwanda vya nguo, hasa baada ya Marekani kufungua soko lake kwa sheria ya AGOA mwaka 2000. Kampuni iliyo katika eneo hilo husamehewa kodi ya mapato kwa miaka 10, kisha hulipa asilimia 25 kwa miaka mingine 10. Tanzania ilifuata kwa sheria ya mwaka 2002, nayo ikatoa msamaha wa miaka 10 kwa viwanda vinavyouza nje angalau asilimia 80 ya bidhaa zake. Mwaka 2025 chombo kilichosimamia maeneo hayo kiliunganishwa na Kituo cha Uwekezaji na kuwa taasisi moja inayoitwa TISEZA.

Katika viwanda hivyo maelfu ya watu, wengi wao wanawake vijana, wamepata mshahara wao wa kwanza. Hilo ni jema, na halipaswi kudharauliwa. Lakini sharti kuu la msamaha huu ni kuuza nje, na mlango wake hufunguliwa kwa ukubwa wa mtaji. Idadi ya ajira huandikwa katika maombi ya mwekezaji kama matarajio, huku kiasi cha kodi kinachosamehewa kikifuata faida. Kiwanda kinachoajiri watu 800 na kile kinachoajiri 80 kwa faida ile ile husamehewa kiasi kile kile cha kodi. Mzazi aliyedhani kwamba msamaha umetolewa kwa ajili ya mwanawe atashangaa kuambiwa kwamba mwanawe hayumo katika hesabu yenyewe.

Kenya imejaribu pia njia iliyo karibu zaidi na kijana. Kwa kanuni za mwaka 2016, mwajiri anayewapokea wahitimu wa vyuo vikuu wasiopungua 10 kwa mafunzo kazini ya miezi 6 hadi 12 hupata unafuu wa kodi unaohesabiwa kwa nusu ya mishahara aliyowalipa. Hapo unafuu unamfuata mtu. Lakini sharti la watu 10 linawaacha nje waajiri wadogo, ambao ndio wengi katika miji yetu.

Afrika Kusini: unafuu unaomfuata kijana

Afrika Kusini, nchi inayoteswa kwa muda mrefu na ukosefu wa ajira kwa vijana, ilikwenda mbali zaidi. Sheria yake ya mwaka 2013 ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2014, na utaratibu wake ni mfano mzuri wa msamaha wa aina ya tatu.

Mwajiri humwajiri kijana mwenye umri wa miaka 18 hadi 29 kwa mshahara usiofika kiwango fulani, ambacho mwanzoni kilikuwa randi 6,000 kwa mwezi. Kila mwezi mwajiri huyo hukata kodi ya mishahara ya wafanyakazi wake wote ili aipeleke serikalini. Sheria inamruhusu kubakiza sehemu ya kodi hiyo: hadi randi 1,000 kwa kila kijana katika miezi 12 ya kwanza, na hadi randi 500 katika miezi 12 ya pili. Mwezi Machi 2022 viwango hivyo vilipandishwa hadi randi 1,500 na 750. Mshahara wa kijana haupunguzwi hata senti moja. Anayepungukiwa ni Hazina. Baada ya miezi 24 unafuu kwa kijana huyo hukoma, kwa matumaini kwamba sasa ana ujuzi unaomwezesha kusimama mwenyewe.

Watunga sheria hao walijua mitego. Vyama vya wafanyakazi, hasa shirikisho la COSATU, vilihofia kwamba mwajiri angemfukuza baba wa miaka 45 ili amchukue kijana mwenye unafuu. Kwa hiyo sheria iliweka adhabu ya randi 30,000 kwa kila mfanyakazi atakayeondolewa kwa namna hiyo. Unafuu uliwahusu walioajiriwa kuanzia tarehe 1 Oktoba 2013, ili asilipwe mtu kwa ajira za zamani. Na mwajiri anayelipa chini ya kima cha chini cha mshahara haupati.

Matokeo yamekuwa na sura mbili. Watafiti Vimal Ranchhod na Arden Finn wa Chuo Kikuu cha Cape Town walichunguza takwimu za miezi ya mwanzo, wala hawakuona ongezeko la wazi la uwezekano wa kijana kupata kazi. Kwa maneno mengine, unafuu ulichukuliwa, lakini haikuonekana wazi kwamba ulifungua milango mipya. Baadaye hila zikazuka: watu waliandikishwa kama wafanyakazi ilhali walikuwa wanafunzi wa mafunzo tu, hawamfanyii mwajiri kazi yoyote. Mwaka 2021 sheria ikarekebishwa ili kusisitiza kwamba mfanyakazi ni yule anayefanya kazi kweli. Pamoja na hayo nchi haikuutupa mpango huo. Iliurefusha hadi mwaka 2029 na kuendelea kuurekebisha. Unyofu huo wa kupima, kukiri na kurekebisha unastahili kuigwa.

Marekani: ahadi ya Wisconsin

Nchini Marekani kila jimbo lina mamlaka ya kutoza na kusamehe kodi zake, hivyo majimbo hushindana kuvuta viwanda. Mwezi Julai 2017 kampuni ya Foxconn kutoka Taiwan ilitangaza, mbele ya Rais Donald Trump, kwamba ingejenga kiwanda kikubwa cha vioo vya televisheni katika Jimbo la Wisconsin kwa dola bilioni 10 na kuajiri hadi watu 13,000. Jimbo liliahidi unafuu wa takribani dola bilioni 3. Ukigawa, ni zaidi ya dola 230,000 kwa kila ajira iliyoahidiwa. Ofisi ya wataalamu wa fedha wa Bunge la jimbo ilikadiria kwamba gharama hiyo isingerudi kabla ya mwaka 2043.

Kiwanda kilichoahidiwa hakikujengwa kwa umbo lile. Mwaka 2018 kampuni ilitakiwa kufikisha angalau ajira 260 ili kupata unafuu wa mwaka huo. Haikufikisha, na jimbo halikutoa kitu. Mwezi Aprili 2021 mkataba uliandikwa upya: uwekezaji wa dola milioni 672, ajira 1,454, na unafuu usiozidi dola milioni 80.

Hapa kuna mafundisho mawili. La kwanza ni la faraja: kwa kuwa mkataba ulisema ajira kwanza, unafuu baadaye, Hazina ya jimbo ilinusurika. La pili ni la uchungu: kijiji cha Mount Pleasant kilikuwa tayari kimekopa, kimenunua ardhi na nyumba za wakazi, kimejenga barabara na mabomba ya maji kwa ajili ya kiwanda hicho. Nyumba iliyokwisha kubomolewa hairudishwi kwa kuandika mkataba upya. Aliyekuwa mdogo zaidi katika makubaliano ndiye aliyebeba hatari kubwa zaidi.

Mashindano yenyewe nayo yana gharama. Jiji la Kansas City limekaa juu ya mpaka wa majimbo ya Kansas na Missouri, na kwa miaka mingi kila jimbo lilizilipa kampuni kwa njia ya kodi ili zivuke mpaka na kuhamia upande wake. Ajira ilihesabiwa kuwa mpya ingawa mfanyakazi alikuwa yule yule, akiendesha gari kwenda ofisi ya upande wa pili. Mwaka 2019 majimbo hayo mawili yalikubaliana kuacha mchezo huo. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, zinazomwita mwekezaji yule yule, zinaweza kujifunza kwamba mshikamano kati ya majirani huokoa fedha za wote wawili.

Je, kazi ingekuwapo hata bila msamaha?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na ndilo linalosahaulika zaidi. Mwajiri aliyekwisha kuamua kuajiri watu ishirini atapokea unafuu kwa furaha, lakini unafuu huo haujaleta ajira hata moja. Mchumi Timothy Bartik wa Taasisi ya Upjohn nchini Marekani, alipokusanya tafiti nyingi mwaka 2018, alikadiria kwamba vivutio vya kodi ndivyo vilivyoamua uwekezaji kwa kampuni kati ya asilimia 2 na 25 tu ya zile zilizovipokea. Zilizobaki zingefanya yale yale hata zisingelipwa.

Tuone maana yake kwa hesabu rahisi. Ikiwa Serikali inaacha shilingi milioni 1 kwa kila ajira, na kati ya ajira tano ni moja tu isiyokuwapo bila unafuu, basi ajira hiyo moja imegharimu shilingi milioni 5. Huenda bado inafaa. Kazi ya kijana mmoja ina thamani isiyopimwa kwa fedha peke yake. Lakini anayeamua anapaswa kujua kwamba analipa milioni 5, na kujiuliza kama fedha hizo zisingezaa zaidi katika barabara ya vumbi inayokizuia kiwanda kufikisha mazao sokoni, katika umeme usiokatika, au katika chuo cha ufundi.

Kuna pia swali la hadhi ya kazi yenyewe. Kwa Mtakatifu Yohane Paulo II, kazi ipo kwa ajili ya mtu, wala si mtu kwa ajili ya kazi. Ajira ya miezi michache inayomalizika unafuu unapomalizika, mshahara usiotosha nauli na chakula, binti anayeachishwa kazi kwa sababu ana mimba: hizo haziwezi kuwa tunda la fedha zilizotolewa kwa jina la mafao ya wengi. Msamaha wa haki hauhesabu vichwa tu. Unauliza pia kama kuna mkataba, kama michango ya hifadhi ya jamii inapelekwa, na kama mfanyakazi yuko huru kujiunga na chama chake.

Wajibu wetu kama waamini

Jambo hili laweza kuonekana kuwa mbali na maisha ya parokia, lakini haliko mbali. Kwanza, Kanisa lenyewe ni mwajiri, katika shule, hospitali, mashamba na ofisi zake. Sheria ya nchi inazisamehe taasisi za dini tozo ya ufundi stadi kwa watumishi wanaohudumu katika ibada, mafundisho na uongozi wa dini pekee. Sisi nasi, basi, ni miongoni mwa wanaonufaika na fedha ambazo hazikukusanywa. Anayesamehewa anadaiwa uaminifu zaidi: katekista, mpishi na mlinzi wa parokia wawe na mikataba, walipwe kwa wakati, na michango yao ifike inakotakiwa. Hatuwezi kuidai Serikali haki ambayo hatuitendi uani kwetu.

Pili, waajiri Wakatoliki wanaopata unafuu wowote wajiulize mbele ya dhamiri zao: nimemwajiri nani ambaye nisingemwajiri? Kuandikisha majina hewa, au kumficha mfanyakazi wa kumi, ni kuchukua kilicho cha wote. Wapo pia wanaobeba mzigo mkweli wa kodi na urasimu; nao wana haki ya kusema, kupitia vyama vyao, ni kipengele gani cha sheria kinachowazuia kuongeza watu. Mwajiri anayeeleza kwa takwimu zake kwamba ukuta wa wafanyakazi 10 umemzuia, anaisaidia Serikali kutunga sheria bora.

Tatu, kamati za haki na amani za parokia, wanataaluma Wakatoliki na vijana wa VIWAWA wanaweza kuifanya mada hii kuwa somo la pamoja. Mwekezaji anapokuja katika kata yetu, kabla ya ardhi kutolewa, ni halali kumwuliza diwani na mbunge kwa heshima: amesamehewa nini, kwa muda gani, kwa sharti gani, na nani atahesabu ajira baada ya miaka miwili? Je, asipotimiza, tutarudishiwa? Maswali hayo si uadui kwa wawekezaji. Mwekezaji mwaminifu huyajibu bila taabu.

Tarehe 1 Mei, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi iliyowekwa na Papa Pio XII mwaka 1955, hutangulia bajeti kwa wiki chache tu. Ni wakati mwafaka kwa jumuiya zetu kusali kwa ajili ya wasio na kazi, na pia kuandaa maswali hayo kwa maandishi ili yawafikie wawakilishi wetu kabla hawajaenda kupiga kura Dodoma. Kijana anayesubiri nyumbani anahitaji sala yetu. Anahitaji pia tuulize kwa jina lake fedha zilizosamehewa kwa ajili yake zimekwenda wapi.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.